Amari: kamba inayoipa nanga nguvu zake

Mwulize kijana wa mjini ni kitu gani kinachoizuia mashua isichukuliwe na maji, atakwambia nanga. Kasema kweli, ila nusu. Nanga ya mashua unaweza kuibeba begani, na mashua yenyewe hata watu kumi hawaiburuti mchangani bila ya jasho. Uzito wa nanga si kitu. Nguvu yake iko kwenye kucha zikizama mchangani, na kucha hazizami mpaka nanga ivutwe kwa ulalo, si kwa wima. Kinachoamua ivutwe vipi ni amari.

Amari ni kamba nene, au mnyororo, inayotoka omoni, yaani mbele ya chombo, mpaka kwenye nanga. Ikiwa fupi, kila wimbi linaponyanyua omo, nanga nayo hunyanyuliwa, kisha hutambaa. Ikiwa ndefu, hulala karibu na chini na kuzidi kuikaza. Kipimo cha kawaida kwa kamba ni mara 5 ya kina cha maji, na upepo ukichafuka, mara 7. Anayetumia mnyororo hupunguza, maana uzito wake wenyewe huulaza.

Kwetu visiwani hapo ndipo wageni wengi wanapokosea hesabu. Maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayafiki hata nusu ya hapo. Chukua mtu aliyetia nanga maji yamekupwa, kina mita 2, akatoa amari ya mita 10. Mara 5, safi kabisa. Akaenda zake kulala. Baada ya saa sita hivi kina ni mita 6, na amari ni ile ile, haifiki hata mara 2. Asubuhi anakuta mashua imepanda juu ya mwamba, na lawama zote anaitupia nanga. Hesabu hupigwa kwa maji kujaa: mita 6 mara 5, basi mita 30, tena kimo cha omo kutoka majini nacho hujumlishwa kwenye kina kabla ya kuzidisha.

Sasa amari ndefu nayo ina adha yake. Upepo ukigeuka, chombo huzunguka duara kubwa na kugonga vya jirani. Bandarini penye msongamano, kama Malindi ya Unguja, huwezi kujiachia hivyo. Hutiwa nanga ya pili upande wa tezi, yaani nyuma, au kamba ikafungwa pwani.

Gatini kosa ni la kinyume. Ukifunga kamba fupi ikakaza wakati maji yamejaa, yakipwa chombo kitaning'inia kama nguo kwenye uzi, mpaka kamba ikatike au ing'oe ilipofungwa. Kamba za gatini hupelekwa mbali, moja mbele na moja nyuma, zikiwa na ulegevu wa kutosha safari ya maji kwenda chini. Fundo nalo liwe la kitanzi kisichokaza: fanya tundu dogo kwenye kamba, pitisha ncha kutoka chini yake, izungushe nyuma ya kamba kuu, irudishe tunduni. Kitanzi hicho hakiteremki, na hata kikilowa hufunguka kwa vidole. Fundo la kufungia mzigo wa kuni halifai hapa. Utaishia kulikata kwa kisu.

Ngalawa na mitumbwi haina makuu: huachwa ipwelewe mchangani, kamba moja kwenye kigingi.

Zamani amari ilisokotwa kwa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, makumbi yakifukiwa pwani miezi mingi kisha yakatwangwa, kazi ya akina mama. Usumba huvumilia chumvi na huvutika, ila ni mwepesi, huelea. Nailoni huvutika na kuzama, ndiyo nzuri. Ile kamba ya plastiki ya rangi ya buluu bei yake ni rahisi, lakini jua huila, na huelea hadi ikanaswa na panga za mashine ya jirani.

Mchanga na tope hushika nanga vizuri. Majani ya bahari huiteleza. Matumbawe huishika mno, usiitoe tena, na yenyewe huvunjika.

Na kuna mahali ambapo amari zote za jahazi ukiziunga hazifiki chini: katikati ya Unguja na Pemba, kina ni mamia ya mita. Mashine ikizima hapo, baharia hashughuliki na nanga. Anatafuta tanga.