Kiungo bandia cha taya: tuziangalie skrubu kwanza

Ukitafuna karanga za kukaanga pale Soko la Majengo kwa magego ya kushoto, kiungo cha taya kinachoelemewa zaidi kwa kawaida ni cha kulia. Wengi hubisha wakiambiwa hivyo. Kiungo chenyewe kipo mbele kidogo ya sikio: weka kidole, fungua mdomo, utakisikia kikicheza.

Ajali, uvimbe au baridi yabisi vinaweza kukiharibu, na wapo ambao taya huganda kabisa, hata kijiko cha uji hakipiti. Ikifikia hapo, daktari anaweza kufikiria kiungo bandia: kichwa cha aloi ya kobalti na kromu, yaani metali zilizochanganywa, au cha titani, kinachocheza ndani ya kikombe cha plastiki ngumu iitwayo poliethilini. Vyote viwili hushikwa kwenye mfupa kwa skrubu.

Kazi yetu wahandisi ni kukitesa kiungo hicho ndani ya kompyuta kabla hakijamfikia mgonjwa. Picha zake za CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka, hugeuzwa kuwa umbo la taya, umbo likakatwakatwa vipande vidogo mno, pengine laki kadhaa. Kila kipande hupewa ugumu wake, wa mfupa au wa metali. Kisha tunaivuta misuli ya kutafuna, na kompyuta hukokotoa mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo, unavyopita kutoka kipande hadi kipande.

Matokeo huja kwa rangi. Mgeni hukimbilia kutazama kichwa kinaposuguana na kikombe. Mimi huanzia kwenye skrubu. Mkulima yeyote wa Mpwapwa anajua mpini wa jembe hupasukia wapi: kwenye tundu. Mkazo nao hupenda matundu, hasa yale ya juu, karibu na kichwa cha kiungo. Mfupa wa hapo ukizidiwa, skrubu huanza kucheza na kiungo kizima hulegea. Kuongeza skrubu husaidia kwa kiasi tu, maana kila tundu jipya ni jeraha kwa mfupa, na ndani ya taya unapita mshipa wa fahamu usiotaka kuguswa.

Halafu kuna ugumu wa metali. Titani ni ngumu kuliko ganda la mfupa wa taya takribani mara 6. Aloi ya kobalti, zaidi ya mara 10. Metali ikibeba mzigo wote, mfupa ulio chini yake hukaa bila kazi, na mfupa usio na kazi hukonda.

Miaka ya 1980 huko Marekani, wagonjwa wengi waliwekewa vipandikizi vya taya vyenye plastiki iitwayo Teflon. Vilisagika kwa kutafuna, chembe zake zikauchokoza mwili mpaka mifupa ikaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni.

Kompyuta nayo huamini ulichoiambia. Mfupa una mwelekeo kama mbao. Ukidai una ugumu sawa pande zote, itakubali bila kuuliza. Kwa hiyo hesabu zake hulinganishwa na taya la mfano linalobanwa maabara, likiwa limebandikwa vipimo vya mnyumbuko, yaani vya kuonyesha linavyovutika au kubonyea.

Mgonjwa huuliza mapema: karanga lini? Daktari wake humwanzishia vyakula laini kwanza, na kwetu wahandisi sababu ipo kwenye yale matundu ya juu.