Maumivu Yametulia, Mfupa Bado Unaliwa

Mama mmoja anayepara samaki pale Mwaloni, Kirumba, alinyoosha mikono yake juu ya meza yangu akasema, "Daktari, sasa hivi nina nafuu, ila kisu hakishikiki." Nafuu alikuwa nayo kweli. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akimeza diklofenaki za duka la dawa. Nilipoiweka picha yake ya eksirei kwenye mwanga, mafundo mawili ya vidole yalikuwa na vitundu pembeni, kama punje ya mahindi iliyopitiwa na dumuzi.

Diklofenaki hupunguza maumivu. Haizuii mfupa kuliwa. Natamani kila mwenye baridi yabisi huku Kanda ya Ziwa alijue hilo mapema kuliko alivyolijua yule mama.

Jina la ugonjwa nalo linatuponza. Mtu akisikia "baridi" analaumu upepo wa ziwani, maji ya alfajiri, usiku wa kuvua dagaa. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa ajisikie amekaza zaidi, lakini haitoboi mfupa. Kinachotoboa ni kinga ya mwili inayoushambulia mwili wake yenyewe, na wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Kinga ikiuvamia, utando hunenepa, hujaa seli na mishipa midogo ya damu, kisha hutambaa juu ya gegedu, tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, na kuliyeyusha kwa vimeng'enya. Ukiubonyeza kwa nje unahisi uvimbe laini, si mgumu kama nundu la mfupa. Mfupa wenyewe huliwa kwa njia nyingine. Utando huo hutoa kemikali zinazoziamsha ostioklasti, seli ambazo sote tunazo, ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe. Hapa wabomoaji huongezeka na wajenzi huzuiwa.

Nao hawaanzii popote tu. Pembeni mwa kiungo, gegedu linapoishia, kuna ukanda mdogo wa mfupa usio na kifuniko, unaogusana na utando moja kwa moja. Aliyekulia Ukerewe au Sengerema ameona jinsi ziwa linavyoanza kumega ukingo pale matete yalipofyekwa. Ndivyo ilivyo hapo. Kwa hiyo natazama kwanza mafundo ya kidole cha shahada na cha kati, kisha kifundo cha mkono, halafu kidole kidogo cha mguu. Wagonjwa hushangaa nikiagiza picha ya miguu wakati wanalalamikia mikono, lakini mara nyingi tundu la kwanza huwa huko chini.

Vitundu vinaweza kuonekana ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kabla ya hapo eksirei inaweza kuwa safi kabisa, ingawa ultrasaundi huweza kuviona mapema zaidi. Mimi sisubiri tundu. Mafundo ya vidole yakivimba kwa wiki 6, mikono ikikaza kila asubuhi kwa saa nzima, na mtu akiumia ukimshika mkono kumsalimia, napima damu na kuanza tiba.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni methotreksati, inayotuliza kinga, mara moja tu kwa wiki. Nairudia siku hiyo mpaka mgonjwa naye airudie kwa mdomo wake, kwa sababu kuimeza kila siku kunaweza kuua. Huandamana na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini, na mjamzito hapewi. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia prednisoloni, dawa ya steroidi, ya kujinunulia. Prednisoloni hutuliza upesi, nami huitumia kwa muda mfupi, lakini ikimezwa miezi na miaka hudhoofisha mifupa mwili mzima.

Yule mama alichagua Jumapili, baada ya ibada. Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha vitundu vile vile viwili, ukubwa ule ule, na hakuna cha tatu. Kisu anakishika, ila mpini ameuzungushia kitambaa uwe mnene.