Kujitegemea Barabarani: Maana Yake kwa Waendesha Baiskeli wa Masafa Marefu

Mwaka 1913, katika mashindano ya Tour de France, Mfaransa Eugène Christophe alikuwa akiteremka mlima Tourmalet pale foku ya baiskeli yake, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, ilipovunjika. Kanuni za wakati ule zilimkataza kupokea msaada wa mtu yeyote. Akaitia baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi na kuitengeneza foku mwenyewe huku waamuzi wamesimama wanamtazama. Mhunzi aliruhusiwa kumwelekeza kwa maneno tu. Lakini moto wa uhunzi unataka kupulizwa, na mtu aliyeshika chuma kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine hana mkono wa tatu. Mvulana mdogo aliyekuwa pale akamvutia mivukuto. Waamuzi wakamwongezea Christophe dakika 10 za adhabu kwa sababu ya mvulana huyo, kisha baadaye wakazipunguza.

Kisa hicho kina zaidi ya miaka mia moja, na bado sijaona kingine kinachoifunua vizuri zaidi dhana ninayotaka kuieleza. Inaitwa safari ya kujitegemea. Mtu anaendesha mamia au maelfu ya kilomita, na yote yanayomfikisha mwisho wa safari anayashughulikia mwenyewe: chakula, maji, usingizi, matengenezo, njia ya kupita, uamuzi wa kusimama au kuendelea. Hakuna gari linalomfuata nyuma, wala fundi au mpishi anayemsubiri mbele. Na katika mashindano saa haisimami kwa ajili yake. Akilala inahesabu, akila inahesabu, akiziba pancha kwenye mvua inahesabu.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba mwendesha baiskeli wa namna hii hapokei kitu kwa mtu. Sivyo. Anaingia dukani akanunua, analala hotelini akipata nafasi, anampelekea fundi gurudumu lililopinda. Mpaka umechorwa kwingine, na nafikiri Kiswahili kinauchora vizuri kwa sababu kina maneno matatu ambayo tumezoea kuyachanganya: huduma, msaada na ukarimu.

Huduma ni kile kilicho wazi kwa yeyote apitaye. Duka likiwa wazi, liko wazi kwa wa kwanza na kwa wa mwisho. Bomba la maji la hadharani halimuulizi mtu jina. Huduma inaruhusiwa. Msaada ni kile ulichoandaliwa wewe, kwa sababu ni wewe. Rafiki akikuletea tairi jipya njiani, huo ni msaada. Ndugu aliye nyumbani akikutafutia chumba cha kulala kwa simu wakati wewe unaendelea kukanyaga pedali, huo pia ni msaada, ingawa hajakugusa. Na ukijificha nyuma ya mgongo wa mwendesha baiskeli mwingine ili akukingie upepo, umesaidiwa sana, maana kwenye barabara tambarare ni upepo unaokula sehemu kubwa ya nguvu za miguu. Msaada unakatazwa. Ukarimu nitaurudia mwishoni, kwa kuwa ndipo penye ugumu.

Kujitegemea kulikuwepo kabla ya kupewa jina. Thomas Stevens alipoondoka San Francisco mwaka 1884 juu ya baiskeli ya zamani yenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma, hakuwa na kanuni yoyote ya kufuata. Alibeba soksi, shati la kubadilisha, koti la mvua lililokuwa pia hema lake, na bastola. Alifika Yokohama, Japani, Desemba 1886, akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Hakuna aliyemfuata na vipuri. Alijitegemea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na hali ndiyo hiyo kwa wasafiri wengi wa baiskeli hadi leo. Mjerumani Heinz Stücke aliondoka nyumbani mwaka 1962 na akaishi barabarani kwa takriban miaka hamsini. Mtu kama huyo hashindani na yeyote, kwa hiyo swali la nini kimeruhusiwa halimhusu. Akialikwa kula, anakula.

Swali linakuja pale saa inapoingia. Mwaka 1982 wanaume wanne waliivuka Marekani kutoka pwani hadi pwani katika mashindano ambayo baadaye yaliitwa Race Across America, na tangu mwanzo kila mmoja alikuwa na watu wake kwenye magari. Gari linamulika barabara usiku, mtu anampa chupa ya maji dirishani, mwingine anamkanda misuli, mwingine anamwamulia saa ya kulala. Sidharau mbio hizo hata kidogo. Kuendesha karibu kilomita 4,800 kwa siku chache ni kazi ya kutisha, magari yawepo yasiwepo. Ila ni kazi ya kundi. Mwenye kukanyaga ni mmoja, wenye kufikiri ni wengi.

Upande mwingine ulikua kimya kimya. Mwaka 1999 John Stamstad alipita peke yake njia ya Great Divide, inayofuata milima ya Rocky hadi mpaka wa Mexico, kwa siku 18 na saa 5, bila timu ya kumsaidia. Baadaye njia hiyo, ikiongezwa kipande cha Kanada, ikazaa mashindano ya Tour Divide, karibu kilomita 4,400 kutoka Banff. Kisha akaja Mwingereza Mike Hall. Baada ya kushinda mbio za kuizunguka dunia mwaka 2012, alianzisha Transcontinental Race mwaka 2013, kutoka London hadi Istanbul. Ndani yake aliweka kanuni chache tu: pita vituo vilivyowekwa, katikati ya vituo tafuta njia yako mwenyewe, usitumie nguvu nyingine isipokuwa yako, usipokee msaada. Hata ramani hupewi. Mtu anaweza kupoteza nusu siku kwa kuchagua barabara iliyoonekana fupi kwenye simu na kumbe inaishia kwenye changarawe na mawe.

Tofauti ya namna hizi mbili inaonekana vizuri kwa Mskoti Mark Beaumont, kwa kuwa amezifanya zote. Mwaka 2008 aliizunguka dunia kwa siku 194 na saa 17, mizigo yake ikining'inia kwenye baiskeli. Mwaka 2017 alirudia kutoka Paris hadi Paris akiwa na timu kamili ya magari: siku 78, saa 14 na dakika 40. Alikuwa akikanyaga saa 16 kwa siku, zikigawanywa katika vipande vinne vya saa nne nne. Mskoti mwenzake Jenny Graham aliondoka Berlin mwaka 2018 bila gari lolote nyuma yake, akarudi Berlin baada ya siku 124 na saa 11. Ukizipanga namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa na kumtangaza mshindi, utakuwa umelinganisha michezo miwili kana kwamba ni mmoja.

Sasa tuingie ndani ya maisha yenyewe, maana dhana hii huishi kwenye mambo madogo. Chukua waendesha baiskeli wawili. Mmoja anakwenda kilomita 25 kwa saa na kukanyaga saa 12 kwa siku: kilomita 300. Mwenzake ni wa polepole, kilomita 20 tu kwa saa, lakini anakanyaga saa 16: kilomita 320. Huyu wa polepole anashinda. Ndiyo maana wenye uzoefu huzungumzia kusimama kuliko kasi. Unaposimama dukani, fanya yote kwa mara moja: nunua chakula cha sasa na cha usiku, jaza maji, paka mafuta mnyororo, nenda chooni, ondoka. Dakika kumi zinazopotea mara sita kwa siku ni saa nzima, na kwa siku kumi ni saa kumi, ambazo ni usingizi wa siku mbili au tatu kwa mtu wa mbio hizi.

Hapa pia ndipo panapoeleza kwa nini wanawake na wanaume hukaribiana sana katika mchezo huu. Mwaka 2019 Fiona Kolbinger, Mjerumani wa miaka 24 aliyekuwa mtafiti wa saratani, alishinda Transcontinental yote, mbele ya wanaume zaidi ya mia mbili, kwa siku 10, saa 2 na dakika 48. Mwaka 2016 Mmarekani Lael Wilcox alikuwa ameshinda vivyo hivyo mbio za Trans Am za kuivuka Marekani. Nguvu za miguu zina sehemu yake, lakini kichwa kinachopanga vizuri kikiwa kimechoka kina sehemu kubwa zaidi.

Nacho huchoka kweli. Kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku mwili unadai usingizi kwa nguvu zote, na mtu aliyelala saa mbili tatu kwa siku kadhaa huanza kuona visivyokuwepo: kichaka kinageuka mnyama, kibao cha barabarani kinageuka mtu aliyesimama. Kwenye mbio zenye magari, kuna mwenzako anayekuona unayumba na kukuamuru ulale. Anayejitegemea lazima ajiamuru, kwa akili ile ile iliyokwisha kulewa usingizi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha ugumu wote. Mengine yanazoeleka: ganzi ya vidole kutokana na mishipa ya fahamu inayobanwa kwenye usukani, michubuko ya makalio isiyopata nafasi ya kupona, hata ule udhaifu wa shingo ambapo misuli inagoma kabisa na kichwa kinaangukia kifuani. Unabaki kukitegemeza kidevu kwa mkono, au kuifungia shingo kwa tyubu ya zamani.

Hata baiskeli inabeba falsafa hiyo. Gurudumu la mbele lina dinamo kwenye kitovu ili taa iwake na simu ipate chaji bila kutafuta soketi. Mifuko imefungwa ndani ya fremu na nyuma ya kiti. Ndani yake utakuta tyubu mbili tatu, viraka, pampu, kiungo cha mnyororo, spoki za akiba, koti la mvua, na mfuko mwembamba wa kulalia. Kila gramu imeulizwa swali: nikikuacha, nitateseka kiasi gani?

Siwezi kuandika haya nikaruka bei ya kuwa peke yako. Alfajiri ya tarehe 31 Machi 2017, Mike Hall aligongwa na gari akafa karibu na Canberra. Alikuwa wa pili katika mbio za kuivuka Australia kutoka Fremantle hadi Sydney, na alikuwa amebakiwa na safari fupi ukilinganisha na aliyokwisha kuimaliza. Mbio zikasimamishwa. Aliyeandika kanuni za kujitegemea alifia barabarani akizifuata. Tangu hapo mazungumzo kuhusu taa, nguo zinazong'aa na usingizi yamekuwa mazito zaidi miongoni mwa wapendao mchezo huu, na inafaa yawe mazito.

Christoph Strasser wa Austria alishinda Race Across America mara sita, akizungukwa na watu wake. Kisha akayaacha magari, akaingia Transcontinental mwaka 2022, akashinda, na mwaka uliofuata akashinda tena. Sasa chakula alinunua mwenyewe na pancha aliziba mwenyewe. Kwangu mimi ushindi huo wa mwisho ni mkubwa kuliko ile sita, ingawa najua wapo watakaopinga.

Nimebakiza ukarimu. Bibi mmoja amekaa kibarazani, anamwona kijana amelowa, anampa kikombe cha chai. Hakumjua, hakupangwa, angempa yeyote. Mashindano mengi huuacha ukarimu wa namna hiyo upite, kwa sababu haukuandaliwa na ungeweza kumpata mwingine yeyote. Lakini siku hizi kila mshindani hubeba kifaa kinachotuma mahali alipo kupitia setilaiti, na ulimwengu mzima huona nukta yake ikitembea kwenye ramani. Wapo watu wanaofuatilia nukta hizo usiku kucha, wanazipenda, wanatoka nje kupunga mkono nukta inapokaribia kwao. Lael Wilcox alipoizunguka dunia mwaka 2024 kwa siku 108, saa 12 na dakika 12, akianzia na kumalizia Chicago, aliwakaribisha watu waje kuendesha pamoja naye njiani.

Basi fikiria mwenye duka aliyefunga saa tatu usiku. Saa saba anaamka, anaona nukta iko kilomita mbili kutoka mlangoni pake, anashuka, anafungua, anawasha taa. Anauza mkate kwa bei ile ile ya mchana. Ikiwa angewafungulia wote waliokuwa mbele na walio nyuma, ni huduma. Ikiwa amefungua kwa sababu nukta hiyo ni ya mtu anayempenda, ni msaada. Mwendesha baiskeli aliyesimama mlangoni hana njia ya kujua ni kipi, na ana njaa.