"Wewe unachoma sindano tu": wanayoambiwa wauguzi wa saratani Lubumbashi, na ukweli wenyewe

Mwanafunzi wa ISTM, chuo chetu cha juu cha ufundi wa tiba, akitangaza nyumbani kwamba anataka kwenda upande wa saratani, jibu la kwanza huwa swali: "Umekosa kazi ingine?" Tantini atamsifia uzazi, ambako watu hutoka na mtoto na kitenge kipya. Kaka atamwambia atafute nafasi kwenye hospitali ya kampuni ya migodi. Hata wenzetu wa taaluma, ambao walipaswa kujua zaidi, wana yao ya kusema. Nimesimamia wastajieri, wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, wa kutosha kujua kwamba maneno ni yale yale kila mwaka. Nayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa kupita.

"Daktari anaamua, muuguzi anachoma"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo nianze nalo.

Itifaki ya matibabu huandikwa na daktari, hapo hakuna ubishi. Lakini hebu tumfuate mgonjwa mmoja siku ya kemoterapia, yaani tiba ya dawa za kuua chembe za saratani. Mama mwenye saratani ya titi anafika asubuhi, matokeo ya damu mkononi. Muuguzi anampima uzito upya, kwa sababu dozi hukokotolewa kwa ukubwa wa uso wa mwili, unaopatikana kwa uzito na kimo, na mtu aliyekonda sana tangu duru iliyopita ya dawa hapewi dozi ya zamani kwa mazoea. Anasoma hesabu ya damu: nutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, zikiwa chini ya 1,500 kwa mikrolita ya damu, au 1,000 kwa itifaki nyingine, duru inasogezwa mbele. Anauliza kuhusu vidonda vya mdomoni, kuhara, ganzi kwenye vidole. Ganzi haiandikwi kwenye karatasi ya maabara, asiyeuliza haijui.

Kisha mshipa. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama ya mkono kiasi cha kumpeleka mtu kwa daktari wa upasuaji. Kwa hiyo muuguzi anatafuta mshipa mzuri kwenye kigasha, mbali na kiungo, anahakikisha damu inarudi kwenye kanula, kile kimrija cha mshipani, anapitisha kwanza maji ya chumvi, halafu dawa polepole, macho yake yakiwa kwenye ngozi. Mgonjwa akisema "inachoma", dawa inasimama sekunde hiyo hiyo. Kanula haing'olewi: kwanza unajaribu kuvuta nje dawa iliyobaki. Kwa doksorubisini unaweka kitu cha baridi. Kwa vinkristini, dawa nyingine ya kemo, unaweka cha uvuguvugu. Ukigeuza, unaongeza madhara. Hakuna daktari pembeni yako dakika hiyo, na hata akiwepo hutakuwa na muda wa kumuuliza.

Hiyo vinkristini nayo ina sheria yake. Ni dawa ya mshipa peke yake. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo inaua, na vifo vya namna hiyo vimetokea katika hospitali kubwa za nchi tajiri. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri iandaliwe ndani ya kimfuko kidogo cha dripu badala ya bomba la sindano, ili mtu asiweze kuichanganya na dawa ya mgongoni. Muuguzi anayekataa bomba la vinkristini lisiingie chumba kinachofanyiwa sindano ya mgongo, hata kama anayelibeba ana koti jeupe refu kuliko lake, anaongoza. Na hapohapo cheo chake kwenye karatasi kinaweza kuwa cha chini kabisa.

"Yaya, ile homa ni malaria tu"

Hii si dhana kuhusu kazi yetu moja kwa moja, lakini ndiyo inayoonyesha kazi yetu ni nini. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe hushuka kabisa. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo ni dharura: mgonjwa anahitaji antibiotiki za mshipani ndani ya saa moja hivi tangu afike, na kipimo cha malaria kiende sambamba, kisizitangulie.

Sasa fikiria mitaa yetu ya Katuba au Ruashi, saa tatu usiku. Nyumbani wanajua dawa ya homa: vidonge vya malaria kutoka duka la pembeni, na bibi akiwa karibu, enema, maji ya majani yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Kwa mtu mwenye nutrofili chache, enema au dawa ya kuweka njia ya haja kubwa inaweza kuchubua utumbo na kuruhusu vijidudu kuingia kwenye damu. Familia haijafanya ubaya wowote. Imefanya lile ambalo limewasaidia watoto wote wa nyumba hiyo.

Anayebadilisha usiku huo ni muuguzi aliyezungumza nao mchana, kwa Kiswahili, na yule anayemlinda mgonjwa akiwa amekaa hapo, kwa sababu ndiye atakayeamua usiku. Nimeona muuguzi mmoja anaandika kadi ya karatasi ngumu: niko kwenye kemo, tarehe ya mwisho ya dawa, homa 38 nipelekeni hospitali, msinipe enema. Mgonjwa anaiweka pamoja na kadi ya uchaguzi, mahali ambapo haiwezi kupotea. Daktari hakumwagiza muuguzi huyo kuandika kadi. Aliibuni yeye, na baadaye huduma nzima ikaifuata.

"Utaambukizwa"

Hapana. Saratani haihami kutoka kwa mgonjwa kuja kwa anayemuosha. Baadhi ya virusi vinavyoisababisha huambukiza, ndiyo sababu muuguzi yeyote anapaswa kuwa amechanjwa homa ya ini aina ya B, ila hilo ni la wodi zote.

Kinachoweza kumdhuru muuguzi ni dawa yenyewe. Dawa za kemo hupita kwenye ngozi na huvutwa kwa pumzi zinapomwagika au kidonge kinapopondwa. Glovu jozi mbili, gauni lisilopitisha maji, barakoa, na tahadhari na mkojo na matapishi ya mgonjwa kwa saa 48 hivi baada ya dawa. Muuguzi mjamzito au anayenyonyesha apewe kazi nyingine ya kitengo, asichanganye dawa. Linapotakiwa hilo, wapo mabosi wanaosema ni uvivu. Si uvivu, ni kanuni ya usalama kazini, na kiongozi mzuri wa wauguzi hulitaja kabla muuguzi mwenyewe hajajieleza.

"Uongozi ni wa madaktari"

Anayesema hivyo hajui hata mpangilio wa afya wa nchi yake. Kituo cha afya cha mtaa wake kinaongozwa na nani? Na muuguzi, tena cheo chake ni infirmier titulaire, IT kwa kifupi, na mama wote wa mtaa wanamjua kuliko wanavyomjua meya. Kwenye zone ya afya, eneo linalokusanya vituo kadhaa, kuna wauguzi wasimamizi. Kwenye hospitali kuu ya rufaa kuna mkurugenzi wa uuguzi, na anakaa ndani ya kamati ya uongozi pamoja na daktari mkurugenzi na msimamizi wa fedha. Tangu 2016 kuna pia sheria iliyounda Ordre ya wauguzi, baraza la taaluma yetu. Viti vipo. Swali ni nani anavikalia akiwa na jambo la kusema kuhusu saratani.

Vuka mpaka pale Kasumbalesa uone. Zambia ilianza mwaka 2006 kupima saratani ya mlango wa kizazi kwenye kliniki za serikali za Lusaka, na walioshika kazi ni wauguzi. Walipaka siki iliyopunguzwa makali, wakaangalia madoa meupe, wakapiga picha kwa kamera ya kawaida ya dijitali, wakamwonyesha mama picha yake mwenyewe, na doa lilipofaa kuondolewa wakaliondoa siku hiyo hiyo kwa baridi kali. Picha yenye mashaka ilitumwa kwa daktari. Daktari wa magonjwa ya wanawake alikuwa mshauri. Kliniki ilikuwa ya wauguzi. Mkakati wa dunia uliozinduliwa Novemba 2020, wa kutokomeza saratani hiyo kwa chanjo kwa asilimia 90 ya wasichana, kipimo kwa asilimia 70 ya wanawake na tiba kwa asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa ifikapo 2030, hauwezi kutekelezwa na wataalamu wachache wa mijini. Atakayeutekeleza huko nje ya jiji, Kipushi au Kasenga, ni IT.

Uganda walienda mbali zaidi. Mwaka 2004 walibadilisha kanuni ili muuguzi aliyepata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa, aweze kuandika morfini mwenyewe. Hawakupewa zawadi. Walihesabu madaktari, wakahesabu wagonjwa wenye maumivu vijijini, hesabu ikagoma.

Na tukija kwenye vyama: Robert Tiffany, aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha kimataifa cha wauguzi wa saratani mwaka 1984, alikuwa muuguzi wa hospitali ya Royal Marsden, London. Namtaja kwa sababu nyingine pia. Wapo vijana wa kiume wanaodhani kitengo hiki ni cha wadada kwa kuwa kimejaa matiti na vizazi. Mwanaume anaweza kupima mama, kwa idhini yake na mwenzake wa kike akiwepo chumbani. Na kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe.

Lakini mimi uongozi naupima kwa daftari. Muuguzi anayejua kwa majina ni wagonjwa gani hawakurudi duru ya tatu, aliyewapigia simu, na anayeweza kuiambia kamati ya hospitali kwamba wengi waliacha kwa nauli na si kwa kuogopa nywele kudondoka, huyo kikao kitamsikiliza. Anayekuja na malalamiko matupu ataambiwa bajeti hakuna. Nimeviona vikao vyote viwili.

"Ni kazi ya kusubiri watu wafe"

Wanaokufa wapo, na wengi kwa sababu walifika wamechelewa, baada ya mchungaji, mganga wa mizizi na madispensari matatu. Sitalificha hilo kwa mwanafunzi. Ila limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza Uganda mwaka 1958, hupona kwa dawa watoto wengi wanapoletwa mapema na kumaliza tiba. Saratani inayotoka kwenye kondo baada ya mimba ya zabibu hupona kwa methotreksati mara nyingi sana. Doa la mlango wa kizazi likiondolewa kabla ya kugeuka, hakuna anayekuja kuzikwa.

Pale ambapo kupona hakupo, kazi haijaisha. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, London mwaka 1967, alianza akiwa muuguzi. Morfini ya maji, kila saa nne, dozi ya usiku maradufu ili mtu alale, na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Familia husema morfini ndiyo inayomaliza mgonjwa. Inapotolewa kwa kipimo na kupandishwa taratibu, haimuui. Inamfanya aombe bukari, ugali wetu, na kumwita mtoto wake amweleze habari za kiwanja. Kuna watu wanaoona hiyo ni kazi ndogo. Hawajawahi kulala chumba kimoja na mtu anayepiga kelele.

"Lazima usomee Ulaya", na lile la pesa

Njia ya kawaida ya hapa inajulikana: cheti cha A2 cha shule ya ufundi ya afya, halafu taasisi ya juu kama ISTM. Wenye vyeti vya A1 na A0 vya mfumo wa zamani hawajapoteza kitu. Sasa ni licence na master. Kwa anayetaka saratani hasa, Chuo Kikuu cha Rwanda kilianzisha mwaka 2015 shahada ya uzamili ya uuguzi yenye mchepuo wa onkolojia, na Lusaka kuna hospitali nzima ya saratani, Cancer Diseases Hospital, ambayo wagonjwa wetu wa mionzi wameijua siku nyingi kabla ya wauguzi wetu kuifikiria kuwa shule. Tatizo kubwa la kwanza si viza wala fedha, ni Kiingereza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanze leo, asingoje barua ya kukubaliwa.

Kuhusu mshahara sipambi. Kujua kuandaa doksorubisini hakukupi matrikule, ile namba ya mtumishi wa serikali, na primu, yaani posho, haijali umesomea nini. Wapo wanaofanya kazi miaka bila mshahara wa serikali, wanaishi kwa primu ya hospitali, na saratani haina mgonjwa wa kulipa taslimu kama uzazi. Yeyote anayemwahidi kijana utajiri kwenye kitengo hiki anamdanganya. Kinachopatikana ni milango: ufundishaji, miradi ya kupima saratani ya kizazi, tiba shufaa, usajili wa takwimu za saratani, utafiti unaotafuta mtu anayejua wagonjwa na anayejua kujaza fomu bila kubahatisha. Milango hiyo hufunguliwa na cheti pamoja na kazi iliyoandikwa. Kwa hiyo mstajieri akiniuliza aanzie wapi, namuuliza kama ana daftari la wagonjwa wake wa mwezi huu, tarehe za duru, homa zilizotokea na siku zilipotokea. Akiwa nalo, tunakaa tunalisoma pamoja.