Dagaa Hajawahi Kuuona Mchanga

Juzi nilikuwa na mgeni kutoka Dar, dada mmoja mchangamfu, aliyetaka kukesha na sisi kwenye kipe, yaani mitumbwi yetu ya kuvulia dagaa usiku Ziwa Tanganyika, ili ale dagaa waliotoka majini muda huohuo. Alikesha kweli. Aliona wavu ukipanda, aliona dagaa wakirukaruka kwenye ndoo, wengine wakamrukia mapajani akapiga kelele mpaka kipe cha jirani wakauliza kulikoni. Alfajiri tukafika Katonga, mwalo wetu hapa Kigoma, nikawasha mkaa, nikaenda kuchukua mawese. Narudi namkuta kajipanga na mabeseni matatu ya maji.

"Kaka, nawatoa mchanga wa ziwa. Mama alitufundisha kuwaosha mara saba."

Mchanga wa ziwa! Si wa kwanza kuniambia hivyo, ila kwake uvumilivu wangu ulifika mwisho.

Sikilizeni. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na hata bonde hili la kaskazini tunalovulia sisi wa Kigoma linapita mita 1,300. Ukishuka mita mia moja na kitu huku kwetu, hewa ndani ya maji inakwisha. Samaki akizama huko anakufa. Sasa dagaa, kadude kenye urefu wa kidole, atafikaje chini kuchota mchanga? Mchana anakaa kwenye maji ya kina cha kadiri akiwakwepa migebuka, samaki wanaomla, usiku anapanda juu kufuata vijidudu anavyokula. Hapo ndipo tunapomngoja na taa. Tunashusha wavu katikati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, tunawasha, tunasubiri, tunavuta. Zamani tulitumia karabai, siku hizi wengi tuna taa za sola na betri. Mbalamwezi ikiwaka tunalala nyumbani na kushona nyavu, maana taa yako haitambi mbele ya mwezi.

(Watu husema mwanga unamvuta dagaa kana kwamba ni swichi. Nimeshakaa kwenye giza totoro, ziwa shwari, taa zote zinawaka, wavu ukapanda na dagaa wa kujaza kikombe. Kipe cha jirani, hatua chache tu, wakajaza ndoo kumi na mbili. Nimeacha kujifanya naelewa.)

Basi mchanga unatoka wapi? Unatoka kwetu, nchi kavu. Dagaa akishushwa mwaloni anamwagwa chini na kutandazwa juani. Jua likiwa kali, jioni kakauka. Lakini alipomwagwa alikuwa mbichi, ana ute, na ule ute ni gundi: kila chembe anayoigusa anaondoka nayo. Kisha anageuzwa kwa fagio. Kwa fagio, jamani! Kisha anakusanywa kwa kukombwa, na anayekomba hachagui. Mama yangu alianika namna hiyo miaka yote na ndiyo iliyonisomesha, kwa hiyo siwadharau wanaoanika chini. Kichanja cha nguzo na wavu wa waya kinahitaji hela, na siku ya dagaa wengi hakitoshi. Ila dagaa wa kichanjani unamjua kwa macho: anang'aa kama fedha, hajavunjika, na ukimtafuna meno hayalalamiki. Bei yake iko juu kidogo, na ni halali.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaoujua ukweli huu na kuupenda. Mchanga una uzito. Nimewahi kununua gunia kwa mchuuzi mmoja, nikalipepeta nyumbani, nikabaki na mchanga wa kutosha kusugulia masufuria ya mtaa mzima. Ukiuliza, jibu ni lilelile: "Ndivyo ziwa lilivyo."

Niseme ukweli wote lakini. Dagaa wetu ni wa aina mbili. Yule mdogo anaishi na kuzaa katikati ya maji, kwa huyo naweka mkono kwenye moto. Yule mkubwa kidogo husogea mwambaoni kutaga mayai, na mwambao una mchanga. Nimewahi kumtafuna mmoja mbichi, kutoka wavuni moja kwa moja, kitu kikakwaruza jinoni. Nilikaa nacho moyoni wiki nzima. Mmoja tu, lakini.

Mapishi hayana maneno mengi. Suuza mara moja kuondoa magamba yaliyolegea. Usikate vichwa, utamaliza lini? Mawese yapate moto, kitunguu, nyanya, chumvi, pilipili nzima isiyopasuliwa. Mimina dagaa, funika, na usitie mwiko kabisa. Shika masikio ya sufuria uitikise, ukikoroga unapata uji. Dakika tano, sita, epua. Ugali wa muhogo uwe tayari kabla, dagaa hamsubiri mtu.

Yule dada alikula akalamba vidole, mabeseni yake yakiwa pale pale yamejaa maji. Mchana nikamsindikiza stesheni. Akafungua begi kunionyesha kiroba cha dagaa wakavu alichonunua njiani kwa bei ya kutupa.

"Na hawa nao nisuuze mara moja tu, kaka?"

Nikachota konzi, nikapuliza, nikatazama kilichobaki kiganjani.

"Hao dada, mfuate mama. Mara saba."