Kabla ya kutaja bei, nauliza maji

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Assalaam alaikum, kaka. Mita moja ya ua unakosha kwa shilingi ngapi?" Naitikia salamu, halafu na mimi nauliza: "Maji yako yanatoka wapi?" Wengine hudhani nakwepa kutaja bei. Sikwepi. Hapa Unguja jibu la swali hilo ndilo linaloniambia kama kazi itanilipa au itanila.

Nimeshika mashine ya presha, ile ya kukoshea kwa maji yanayoruka kwa nguvu, mwaka wa nane sasa. Nimekosha baraza za Mbweni, nyua za pevingi Chukwani na Fumba, na pembezoni mwa mabwawa ya kuogelea ya mahoteli ya Paje na Nungwi. Vijana wanaoanza kazi hii hunifuata wakitaka niwape bei. Bei yangu haitawafaa, kwa sababu mashine yangu si yao na njia ninayopita si yao. Ninachoweza kuwapa ni namna ninavyoipata.

Nikifika kwa mteja, kitu cha kwanza kushuka garini ni ndoo ya lita 20. Naiweka chini ya bomba, nafungua mpaka mwisho, nawasha saa ya simu. Mashine yangu inakunywa lita 10 kwa dakika, kwa hiyo ndoo inatakiwa ijae ndani ya dakika mbili. Ikichukua dakika nne, bomba linatoa lita 5 tu, nusu ya mahitaji. Ukiunganisha mpira moja kwa moja kwenye bomba kama hilo, pampu itanyonya hewa, itatetemeka na kupiga kelele, na mipira yake ya ndani itakwisha kabla ya wakati. Hapo inabidi simtangi lijazwe usiku ili asubuhi tuvute kutoka humo, au tuite boza la maji. Yote hayo ni fedha, na hakuna hata moja ninaloweza kulijua nikiwa kwenye simu.

Tuchukue ua wa pevingi wenye mita za mraba 120. Tarakimu hizi ni za mfano, wewe weka zako. Kwa ukoga wa kawaida mimi hukosha mita 25 kwa saa, basi ua huo ni kazi ya saa tano. Injini ya petroli ya ukubwa wa mashine yangu hula kama lita moja na nusu kwa saa. Naandika lita 8, na tukiweka lita kwa shilingi 3,000 inakuwa 24,000. Vijana wawili 50,000. Mimi mwenyewe 40,000, kwa sababu nami ni mfanyakazi, na asiyejiandikia ujira wake anakula mtaji akidhani ni faida. Gari 15,000, dawa ya kuulia kuvu 12,000, simu na madogomadogo 14,000.

Kuna na kuchakaa kwa mashine, ambako wengi hawakuandiki kabisa. Ukinunua mashine kwa 1,800,000 na ukakadiria itakutumikia saa 600 kabla pampu haijadai kubadilishwa, kila saa inayonguruma inateketeza shilingi 3,000. Saa tano ni 15,000. Zitoe siku ileile na uziweke kando. Mimi nina kopo lake, na pampu yangu ya pili ilitoka humo bila kukopa kwa mtu.

Jumla ni 170,000, na hapo bado hujapata faida. Sasa, ukitaka robo ya bei iwe faida yako, usiongeze robo juu ya gharama. Ukiongeza robo unapata 212,500, na faida yako inakuwa sehemu moja ya tano ya bei, si robo. Gawa gharama kwa 0.75, utapata kama 227,000. Tofauti ya shilingi 14,000 inaonekana ndogo, lakini kwa mwezi wenye kazi kumi na tano ni zaidi ya laki mbili.

Mpaka hapo maji ni ya mwenye nyumba. Saa tano kwa lita 10 za dakika ni lita 3,000. Ikiwa bomba la mtaa halitoi siku hiyo na boza likaja kwa 45,000, gharama inapanda hadi 215,000. Mwenzako aliyekwishasema kwenye simu "mita moja kwa 1,500" ameahidi kazi ya 180,000. Maji yakiwepo atabaki na 10,000. Yasipokuwepo, atakuwa amemkoshea mtu ua na kumlipa 35,000 juu yake.

Hasara ya namna hiyo niliionja katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Nilikubali kwa simu mita 400 kuzunguka bwawa, nikaamini ni siku mbili. Tulipofika, meneja akasema tunaruhusiwa tangu saa kumi na mbili alfajiri hadi saa tatu tu, wageni wasisumbuliwe na mngurumo. Na ilipogonga saa tatu kweli akafunga valvu, kwa sababu tangi tulilokuwa tukivuta maji na la vyumba vya wageni ni moja. Siku mbili zikawa sita. Kutoka mjini hadi kule ni kama kilomita 50, na kila siku nililipa petroli ya kwenda na kurudi na ujira kamili wa vijana kwa saa tatu za kazi. Juu ya hayo, kisima chao kilikuwa na chumvi. Vioo vya mgahawa vilivyorukiwa na maji vilikauka na madoa meupe, tukavifuta kimoja kimoja kwa maji ya chupa kubwa tuliyonunua dukani. Nilimaliza kazi kwa sababu niliahidi. Tangu siku ile natia maji ya mteja ulimini kabla sijataja bei, na nikikuta chumvi naweka kwenye hesabu madumu ya maji baridi yasiyo na chumvi ya kusuuzia pampu jioni. Chumvi ikilala ndani ya pampu, kutu haisubiri.

La pili ninalolitazama ni kitu chenyewe kinachokoshwa, na hapa nawaomba wenzangu tuwe makini sana Mji Mkongwe. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mji mzima umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja aliniita nimtolee weusi kwenye ukuta wa uani. Nilipiga presha ileile ya pevingi. Dakika ya kwanza ukuta uling'ara, nikafurahi. Kisha nikatazama chini: maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mfereji yalikuwa meupe kama tui la pili. Nilikuwa naiosha chokaa yenyewe. Niliuzima moto wa mashine, lakini kipande cha upana wa mlango kilikuwa kimeshabaki mawe matupu. Yule mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana wangu, ukuta huu umenizidi umri." Nilimlipa fundi wa chokaa kwa fedha yangu, na chokaa hupigwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikaushwe taratibu.

Sasa kabla ya kukisia bei ya ukuta wa zamani napitisha kidole. Kikitoka na unga mweupe, mashine inabaki garini. Ni brashi laini, maji ya mpira wa kawaida na subira, na bei inahesabiwa kwa siku za watu, si kwa mita. Mteja akishangaa kwa nini kazi isiyotumia mashine ni ghali kuliko ya mashine, namwonesha kidole changu. Milango ya kuchonga ndiyo sijawahi kuielekezea presha, na sitaielekezea kwa bei yoyote.

Misimu nayo ina hesabu yake. Mwezi wa nne na wa tano, wakati wa masika, mahoteli mengi hufunga kwa matengenezo. Mchana wote ni wako na hakuna wa kukufungia valvu, kwa hiyo natoza chini kidogo kuliko msimu wa wageni na bado nabaki na zaidi. Kumi la mwisho la Ramadhani kila nyumba inataka ua wake ung'are kabla ya Idi. Bei siipandishi, lakini vijana wamefunga na jua ni kali. Nahesabu mita 15 kwa saa badala ya 25, tunaanza baada ya alfajiri na adhuhuri tumeshafunga kazi. Anayeandika 25 mwezi huo anawadhulumu vijana wake.

Petroli naiangalia kila mwezi ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, inapotangaza bei mpya, kwa hiyo makisio yangu hayadumu zaidi ya siku 30, na tarehe naiandika juu. Arbuni nachukua nusu. Na kwenye karatasi ninayomwachia mteja, mstari wa kwanza baada ya jina lake ni huu: "Maji: ya mwenye nyumba, ndoo ya lita 20 imejaa kwa dakika mbili." Siku ya kazi nikikuta bomba limekauka, tunaisoma karatasi pamoja, anapiga simu ya boza yeye mwenyewe, na vijana wanakaa kivulini wakisubiri huku ujira wao unahesabika.