Udongo mmoja, karatasi mbili

Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja kutoka Ilembo, kule Umalila mkoani Mbeya, mkulima wa viazi. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana habari za baridi na bei ya gunia, alitoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa mara nne.

"Mwanangu, nisaidie. Shamba ni moja, udongo nimeuchota siku moja, nikaugawa mifuko miwili nikapeleka maabara mbili. Huku wameandika pH 5.6, huku 4.7. Nani kanidanganya?"

Nilimwambia hakuna aliyemdanganya. Akanitazama kama mtu anayeona wasomi wanalindana. Nikamvutia kiti. Swali lake huletwa mezani kwangu hapa maabara karibu kila msimu, na linanigusa, kwa sababu mkulima anayelipia vipimo kisha akapoteza imani navyo hatarudi tena, na hatakuwa na kosa.

pH ni kipimo cha asidi, na namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi. Karatasi ya pili ilikuwa na maandishi madogo chini kabisa: "1:2.5 KCl". Ya kwanza haikusema kitu. Nikapiga simu kuuliza. Walitumia maji.

Hapo ndipo penye jibu lote. Ukichukua gramu 10 za udongo uliokaushwa na kuchekechwa, ukautia mililita 25 za maji yaliyokenekwa, ukatikisa na kuuacha utulie, kipima pH kitakusomea ile asidi iliyo huru ndani ya maji. Lakini asidi nyingi ya udongo haiko huru. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, nazo zimekumbatia ioni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji, za haidrojeni na za alumini. Ukitumia mmumunyo wa kloridi ya potasiamu (ndiyo ile KCl ya kwenye karatasi) wa moli 1 kwa lita badala ya maji, potasiamu huingia kwa wingi na kuziondoa ioni hizo pale zilipong'ang'ania. Zikishaingia kwenye mmumunyo, alumini nayo humegua maji na kuzalisha asidi zaidi. Namba inashuka. Kwa udongo wetu wa nyanda za juu kushuka kwa karibu pointi nzima si jambo la kushangaza hata kidogo.

Na pointi moja ya pH si kitu kidogo. Kipimo hiki kinapanda na kushuka kwa mara kumi: kutoka 5 hadi 4 asidi imeongezeka mara 10. Tofauti ya 0.9 iliyomsumbua mzee ni karibu mara 8. Mtu akisoma 4.7 akadhani ni ya maji, anaweza kumwaga chokaa nyingi kuliko inayohitajika, na kwa viazi hiyo ni hatari ya pekee, maana udongo ukipungua asidi kupita kiasi unaukaribisha ule ugonjwa unaoacha ngozi ya kiazi na vidonda vikavu kama magamba. Akisoma 5.6 akadhani ni ya KCl, atatulia kabisa, kumbe mizizi yake inaishi jirani na alumini inayoweza kuiumiza.

Kipimo chenyewe kina historia inayonifurahisha. pH ilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen. Ni maabara hiyohiyo ambako Johan Kjeldahl alitoa mwaka 1883 njia ya kupima naitrojeni tunayoitumia mpaka leo. Kisha mwaka 1934 Arnold Beckman wa California akatengeneza chombo cha umeme cha kupima asidi, akiwasaidia watu wa viwanda vya malimau. Bia na malimau, na leo tunapimia mashamba ya Umalila.

Moyo wa kifaa ni ncha ya kioo chembamba sana. Ioni za haidrojeni zikiwa nyingi nje ya kioo kuliko ndani, au kinyume chake, inazuka tofauti ya umeme: takriban milivolti 59 kwa kila pointi ya pH kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Mbeya tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni maji ya maabara huwa nyuzi 15 au chini yake. Hapo pointi moja hutoa kama milivolti 57 tu. Kifaa kizuri kinajirekebisha kwa joto, ila lazima ukisanifishe kwa bafa, yaani mimumunyo ya pH inayojulikana, na bafa na sampuli ziwe na joto moja. Nimeona mtu akitoa bafa juani na sampuli kivulini, kisha akashangaa. Na tafadhali, elektrodi, yaani hiyo ncha ya kioo, usiilaze kwenye maji yaliyokenekwa. Inataka mmumunyo wa KCl, la sivyo inazeeka kabla ya wakati.

Mzee alisikiliza yote hayo kwa utulivu. Kisha akaonyesha mstari mwingine: fosforasi. Huko nako namba hazikufanana.

Kwa fosforasi mambo ni mazito zaidi. Udongo unaweza kuwa na fosforasi tele ambayo mmea hauifikii, kwa hiyo maabara haipimi yote, inapima ile inayotolewa na dawa fulani kwa muda fulani. Njia ya Bray na Kurtz ya mwaka 1945 hutumia asidi hafifu ya hidrokloriki pamoja na floridi ya amonia, na mtikiso ni wa dakika moja tu. Njia ya Olsen ya mwaka 1954 hutumia bikaboneti ya sodiamu yenye pH 8.5, na mtikiso wa nusu saa. Bray inafaa udongo wa asidi. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, chokaa hula ile asidi kabla haijafanya kazi, ndiyo maana huko wanatumia Olsen. Ukizidisha muda wa kutikisa tu, tayari umebadilisha jibu.

Kwa nini floridi? Jibu liko Rungwe. Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano, na una alumini iliyo tayari kukamata kila fosfeti inayopita. Mkulima wa Isongole, hukohuko Rungwe, anatia mbolea ya kupandia, na sehemu kubwa ya fosforasi yake inanaswa kabla mche haujainua kichwa. Floridi inaipenda alumini kuliko fosfeti inavyoipenda, hivyo inaichukua alumini na kuiachilia fosfeti. Kuna jaribio moja dogo ninalolipenda kuliko mashine zote: gramu 1 ya udongo kwenye mililita 50 za floridi ya sodiamu, subiri dakika 2, soma pH. Floridi inaing'oa haidroksaidi kwenye alumini, na namba inapaa. Ikipita 9.4, una udongo wa majivu ya volkano mkononi. Udongo wa asidi, unaopanda hadi zaidi ya 9 mbele ya macho yako! (Floridi ni sumu, hili ni la maabarani, si la jikoni.)

Ukishapata fosfeti kwenye chujio safi, unaitia molibdeti ya amonia, asidi ya salfuriki, antimoni kidogo na asidi ya askobiki, yaani vitamini C. Mchanganyiko huu ni wa Murphy na Riley, 1962. Baada ya dakika kama kumi unatokea ubuluu, na kadiri fosforasi ilivyo nyingi ndivyo unavyokolea. Wanafunzi wakija hukimbilia kuutazama. Kinachonivutia mimi ni kwamba spektrofotomita, mashine inayopima nuru inavyomezwa na mmumunyo, tunaiweka kwenye nanomita 880, nuru ambayo jicho la binadamu haliioni. Tunashangilia ubuluu, mashine inapima kilicho nje ya macho yetu.

Ndani ya njia hii kuna mtego, na mimi nilinaswa. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye maabara niliyoanzia kazi, vyombo vyetu vilioshwa kwa sabuni ya unga ya kufulia. Siku moja chupa tupu, ile isiyotiwa udongo wowote, ikawa buluu. Sabuni ile ilikuwa na fosfeti. Sampuli za wiki nzima zilikuwa zimeshapewa majibu, na majibu yalikuwa ya sabuni. Tuliwaita wenye mashamba mmoja mmoja, tukaomba radhi, tukapima upya bila malipo. Tangu siku hiyo vyombo vyangu vya fosforasi huoshwa kwa asidi hafifu ya hidrokloriki, na chupa tupu huitazama kabla ya sampuli ya mtu yeyote.

Kwa mzee wa Ilembo nilitaka kujua jambo moja tu: alumini iko kiasi gani? Udongo wake uliobaki niliutolea ioni kwa KCl, nikatonesha sodiamu haidroksaidi kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za kipimo, mpaka fenolfthalini, dawa inayoonyesha kwa rangi kwamba asidi imekwisha, ikawa ya waridi. Hiyo ni asidi yote, ya haidrojeni na ya alumini. Kisha nikatia floridi. Ikakamata alumini, haidroksaidi ikaachiliwa, na uwaridi ukakolea tena. Asidi niliyotumia kuufuta ndiyo kipimo cha alumini peke yake. Mzee aliinamia chupa akiona rangi inaondoka tone kwa tone. Alumini ilikuwepo, lakini chache.

Nikamuuliza alichota wapi udongo.

"Pale juu, karibu na mlango wa shamba. Zamani palikuwa na zizi la ng'ombe."

Tukatazamana. Nilimchorea njia ya kupita shamba zima kwa mwendo wa W, sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, achanganye kwenye ndoo ya plastiki, na zizi aliruke. Juzi alirudi na mfuko mpya. Umetandazwa kwenye sinia mezani pangu wakati naandika, na kwa baridi hii utachukua siku nne kukauka.